Kula Bila Kuuliza

Mbili fupi, moja ndefu. Lori lilikuwa bado nyuma ya mlima, upande wa barabara ya Beni, hatujaliona hata vumbi lake, na klaksoni ilikuwa imekwisha kutufikia: pii-pii, piiiii. Kama nilikuwa ninafua, niliacha shuka ndani ya maji. Kama nilikuwa ninakula, niliacha kula. Zile mbili fupi zilisema, wekeni maji motoni, nataka kunawa na kuswali. Ile ndefu ilikuwa ya kuku: mumukamate, mumufunge miguu, lakini mutu asimuchinje mpaka nifike.

Sisi tulikuwa Wakristo na yeye alikuwa Mwislamu wa Beni, mwenye nyumba kule Bungulu, dereva wa lori la kahawa na chumvi na chochote kilichotaka kusafiri. Kuku wake alimchinja mwenyewe, nyuma ya nyumba yetu, karibu na migomba. Mimi nilimshikia kuku mabawa na kugeuza uso, maana roho yangu haikuweza kuangalia.

“Wee mutoto,” aliniambia kila safari, “unataka kuwa patroni wa oteli, na unaogopa kuku?”

“Papa, mimi nitakuwa patroni wa vyumba. Kuku itakuwa na patroni wake.”

Alicheka mpaka kofia yake ikakaa upande.

Nyumba yetu ya wageni ilikuwa na vyumba vitatu, hapa Butembo, kando ya barabara, na hata jina haikuwa nalo. Ilikuwa ya mama mukubwa, dada wa mama yangu, mjane, aliyenilea. Zamani za Wazungu alitandika vitanda katika hoteli yao moja ya Beni. Dipanda ilipokuja, yaani uhuru wetu, na Wazungu walipofunga masanduku, alirudi nyumbani Butembo na mashuka yaliyopauka na kanuni moja. Mashuka yalichakaa. Kanuni ilibaki: mgeni haulizwi kitu kilekile mara mbili.

Kwa hiyo ilikuwa lazima kukumbuka, na wa kukumbuka nilikuwa mimi. Shuleni nilifika mwaka wa tatu tu, masista walisema kichwa changu kinazurura kama mbuzi asiye na kamba. Lakini nilijua kwamba karani wa posta aliyetoka Kasai hanywi maziwa. Nilijua mwalimu fulani wa kutoka Équateur hulala kichwa kikielekea mlango, na ukimtandikia vingine atakesha. Nilijua mfanyabiashara wa mboga wa Luofu hapendi kuulizwa habari za mke wake. Walipoingia tu, kila kitu kilikuwa tayari mahali pake, nao walikaa wakashusha mabega. Nilipenda kuliko yote kuona yale mabega yakishuka.

Kwa dereva wetu, kitu cha kukumbuka kilikuwa sufuria.

Kwetu watu wengi wanakula nguruwe, na Mwislamu anayesafiri hawezi kujua sufuria ya mtu imepika nini jana. Mwanzoni alikula ndizi zake mbivu na chai, akalala. Safari ya tatu mama mukubwa akamwambia, “Papa, twende soko. Chagua sufuria wewe mwenyewe.” Wakaenda wote wawili, akachagua moja ya alumini, yenye mifuniko miwili kwa sababu mwuzaji alikosea, na mama mukubwa akafunga kitambaa cha kijani kwenye mkono wa ile sufuria. Akapigilia msumari ukutani, mbali na sufuria zetu, akaitundika. Akatugeukia mimi na hata paka.

“Ile iko ya Baislamu. Nyama ya nguruwe ikiingia humu, mimi niko nimekufa.”

Tangu siku ile, madereva wa Beni walianza kusimama kwetu. Kulikuwa na nyumba zenye magodoro mazuri kuliko yetu. Kulikuwa na moja yenye redio. Wao walipita wakaja kwetu. Nilimsikia dereva wetu akimwelezea mwenzake uani, huku anafuta mikono: “Pale kwingine unakula na roho inauliza, inauliza. Hapa unakula tu.”

Mimi niliota. Mchana, macho wazi, ufagio mkononi. Niliona vyumba kumi, mapazia, bustani yenye maua mekundu, na juu ya meza ya kupokelea wageni, kengele ndogo ya kupiga kwa kidole, kama ile aliyonisimulia mama mukubwa. Ting! na mimi natokea nikiwa na viatu. Dereva alipenda ndoto hiyo kuliko mimi mwenyewe.

“Kengele nitakuletea mimi,” alisema. “Siku moja nikifika Kisangani.”

Ikaja vita ya maasi. Sitaieleza yote, maana mimi niliiona kwa upande wa kukimbia tu. Klaksoni zikanyamaza kwanza. Barabara ya Beni ilikaa tupu, majani yakaanza kuota katikati yake, na siku moja watu wakatokea upande ule kwa miguu, wengi, na magodoro kichwani, na tulipowauliza nini wakasema tu, “Mutoke.” Kila mtu alibeba alichoona mbele. Mama mukubwa alibeba mashuka. Mimi nilibeba ile sufuria ya kitambaa cha kijani, ndani nimeweka chumvi na Rozari ya mama mukubwa, na njiani watu walinicheka: angalia huyu, anakwenda harusi.

Tulipanda milima siku mbili. Jamaa wa mbali wa marehemu mume wake alitupokea, akatuweka katika ghala la maharagi. Walikuwa watu kumi na zaidi katika nyumba ile, na chungu kimoja. Hawakutunyima. Lakini baada ya wiki chache mama mukubwa akaanza kuhara na homa, mdomo ukajaa vidonda, akawa hawezi kutafuna hata kiazi. Alipungua mpaka pete ikatoka kidoleni yenyewe. Nilimsikia akinung'unika katika homa, anamwambia mgeni asiyekuwapo, karibu, kitanda kiko tayari.

Mwenye nyumba alikuwa na nguruwe mmoja. Aliposikia kwamba watu wenye bunduki wako bonde la jirani, akamchinja wasije wakamchukua. Akanijia na kipande kwenye jani la mgomba.

“Mupikie mugonjwa muchuzi,” akasema. “Muchuzi njo utamuinua,” yaani ndio utakaomwinua.

Chungu chao kilikuwa motoni na chakula cha watoto. Niliangalia nyama, nikaangalia sufuria. Kuchoma kwenye makaa kungekuwa rahisi, lakini kinywa cha mgonjwa kilitaka maji, si nyama. Na mkimbizi hawezi kumrudishia mwenye nyumba nyama yake na kusema sufuria yangu hairuhusu. Nilifungua kitambaa cha kijani, nikakiweka mfukoni, kama vile sufuria isipokivaa haitanijua. Nikapika.

Alikunywa kijiko kwa kijiko. Kijiko cha nne akatambua ladha. Akatafuta kwa macho, akaona sufuria iko juu ya mafiga, uchi, bila kitambaa chake. Akafungua tena kinywa, na mimi nikaendelea kumlisha, machozi yangu yanaanguka humo humo. Baada ya siku tano alikaa. Baada ya kumi alisimama. Sikujuta. Hata leo, kwa jambo hilo la muchuzi, sijuti.

Tuliporudi Butembo, milango ilikuwa imeng'olewa. Magodoro hakuna, sufuria zetu zote hakuna. Msumari tu ulikuwa bado ukutani. Mama mukubwa aliuangalia akaanza kucheka, halafu akakaa chini penye mlango usiokuwapo akalia.

Mimi nilitaka kila kitu kiwe kama zamani, haraka. Niliisugua sufuria kwa majivu na mchanga, siku saba, mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Nikakifua kitambaa cha kijani, nikakifunga, nikaitundika kwenye msumari wake. Tulinunua vyungu viwili vya udongo vya kupikia chakula chetu, tukajaza majani makavu katika mifuko kwa ajili ya vitanda, tukangoja. Hapo ndipo nilipokosea, siku ile ya kuitundika. Sikudanganya mtu kwa kinywa. Niliiacha sufuria idanganye yenyewe, ukutani.

Miezi ikapita. Wanajeshi wa serikali, waliotumwa kutoka majimbo mengine, walifungua barabara. Mchana mmoja nilikuwa nachambua maharagi nikasikia: pii-pii, piiiii.

Maharagi yalimwagika yote. Nilikimbia mpaka barabarani, nikipiga kelele kama kichaa, na lori likatokea kwenye kona bila vioo, bila mlango wa upande mmoja, na yeye ndani yake amekonda, ndevu nyeupe. Alishuka polepole. Akanishika kichwa kwa mikono miwili.

“Muko bazima? Wote wawili?”

“Tuko, Papa.”

“Mungu mukubwa.” Halafu, kabla hata ya kuuliza milango imekwenda wapi, akanyoosha shingo akaangalia ndani, kwenye ukuta. “Ata ile sufuria iko!”

“Iko,” nikasema.

Jikoni nilimshika mama mukubwa mkono. “Tunafanya nini?”

“Tunapika.”

“Mama, tupike katika chungu.”

“Ukipika katika chungu, atauliza kwa nini. Sasa utamujibu nini?” Alikuwa anakatakata kitunguu, haniangalii. “Umeisugua siku saba. Chuma inajua nini? Angalia hii nyumba. Karani hapana, mwalimu hapana. Tumebaki na nani? Tumebaki na huyu.”

Nje nilimshikia kuku mabawa, nikageuza uso. Safari hii hakunitania. Alisema maneno yake ya Mungu kwa sauti ya mtu aliyeyahifadhi muda mrefu asipate mahali pa kuyasema.

Alikula kuku na bugali, taratibu, na alipokula alituhadithia. Vita ilimkuta kule Mabalako, lori likachukuliwa, akakimbilia kwa wakulima asiowajua. Watu wema sana. Walimpa chakula kila siku, katika sahani safi, na kila siku alishindwa. Porini kule wanakula walichotega, na nguruwe wa pori wako wengi.

“Niulize nini?” akasema. “Mukimbizi hapana kuuliza. Mutu amekuficha, amekupa chakula cha batoto yake, na wewe unamuuliza, ile sufuria jana ilipika nini? Ni matusi. Basi nilisema niko na tumbo mbaya. Nikakula ndizi. Ndizi ya kuchoma, ndizi mbivu, miezi. Na kila siku, mama, sikufichi, nilikuwa naona ile sufuria yenu. Kitambaa yake. Nilisema, nikitoka hapa nitakwenda kukula pale, bila kuuliza.”

Akachukua tonge jingine. Mama mukubwa alisimama akaenda nje kuangalia moto ambao haukuwa na shida.

Halafu, mama aliporudi, dereva akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kimefungwa katika gazeti. “Kisangani sikufika,” alisema. Ilikuwa kengele ya baiskeli, imepigiliwa juu ya kibao alichokichonga mwenyewe, kibao laini, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Aliikuta kwenye baiskeli iliyovunjika, kule alikojificha, na siku nyingi za ndizi alizimaliza akichonga kile kibao. “Piga, patroni.”

Nikapiga. Kring. Haikuwa ting, ilikuwa kring, kama baiskeli inaomba njia. Wote wawili walicheka. Mimi pia nilicheka, nilijisikia nikicheka.

Asubuhi alipomaliza kuswali, ilikuwa kazi yangu kumletea maji ya kunawa mikono kabla ya chai. Nilishika birika, nikamimina, na nikaona nimemimina mpaka maji yamekwisha na bado nimeinamisha birika tupu.

“Una nini, mutoto?”

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nilimwambia ghala la maharagi, pete iliyotoka kidoleni, jani la mgomba, muchuzi, mchanga na majivu. Nilimwambia kwamba jana nilijua. Niliongea nikiangalia miguu yake, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa kamba za migomba.

Alifuta mikono, kidole kwa kidole. Kisha akaenda uani, akasukutua kinywa, akarudi. Uso wake haukuwa na hasira. Ningependa ungekuwa na hasira.

“Mama yako alikuwa anakufa,” alisema. “Ulifanya vizuri. Na mimi nilikula bila kujua, na Mungu hapana kumufunga mutu asiyejua. Donc, basi, hakuna zambi hapa, umesikia? Hapana lia.”

“Ndiyo, Papa.”

“Mais… lakini…” Akatazama msumari, halafu akatazama mikono yake. “Mais nikirudi, itanipasa kuuliza. Unaona? Na wewe utanijibu ukweli, najua utanijibu. Lakini nitauliza. Na mahali pa kuuliza, pako pengi.”

Alimwita mama mukubwa, akamuaga kama kawaida, kwa heshima zote, akamshukuru kwa kuku. Chai hakuinywa. Alisema ana haraka. Lori likakohoa mara tatu likawaka, na kwenye kona hakupiga klaksoni.

Mama mukubwa alielewa kabla sijafungua kinywa.

“Umemuambia.”

“Ndiyo.”

Nilitegemea kofi. Alikaa juu ya gogo la kuni, akakunja mikono. “Mimi njo nilikunywa ule muchuzi,” alisema. “Ungeniacha nimuambie mimi.” Lakini wote wawili tulijua kwamba asingemwambia.

Siku ya Ijumaa nilisikia lori lile, linarudi kutoka Lubero. Namjua mtu kwa injini yake. Niliweka maji motoni hata hivyo, mikono yangu haikuniuliza. Lilipofika mbele ya nyumba yetu likapunguza mwendo, likapiga klaksoni moja, fupi, ile ya kumsalimia mtu yeyote aliye kando ya njia. Nikainua mkono. Akainua wa kwake. Likapita kuelekea Beni. Maji yalichemka mpaka yakakauka.

Nilidhani atawaambia wenzake, na nilikuwa tayari kwa aibu hiyo. Hakuwaambia. Nilijua kwa sababu Jumamosi alipita muuza chumvi, akatuletea salamu: madereva wawili wa Beni, wa zamani, wanakuja Jumatatu, wanataka vyumba na kuku. “Wanasema wamekumbuka kwenu sana,” akasema. “Tangu vita hawajapata mahali pa kukula na roho kutulia.”

Mama mukubwa alifurahi mpaka akashika ukuta. Alianza palepale kujaza mifuko ya majani, akaimba. Nilimfuata nyuma.

“Mama, na sufuria?”

“Sufuria nini?”

“Hao wawili hawajui.”

“Njo vile,” alisema. “Hawajui. Na Papa mwenyewe alisema, asiyejua hana zambi.” Akanigeukia, na macho yake hayakuwa mabaya, yalikuwa yamechoka tu. “Mutoto wangu, mimi pia ninaona haya. Mais tukifunga hii nyumba, mimi na wewe tutalala wapi? Ile oteli yako ya kengele utaijengea wapi? Soko haina sufuria, umeona mwenyewe. Sufuria mpya ikipatikana, tutatupa hii. Sasa acha.”

Hakuwa mwongo, mama mukubwa. Aliwapenda wageni wake kuliko mimi nilivyowapenda, na ndiyo maana aliogopa sana wasije wakaondoka. Nililala nikifikiria wale wawili, jinsi watakavyonawa, watakavyokaa, watakavyoangalia ukutani mara moja tu, na mabega yao yatashuka.

Jumapili alikwenda misa. Nilisema kichwa kinaniuma, na kwa kweli kiliuma. Nilingoja mpaka niliposikia nyimbo zimeanza kule kanisani.

Niliitoa sufuria ukutani. Nilifungua kitambaa cha kijani, nikakikunja, nikakiweka chini ya kengele juu ya meza. Kisha nikaushika msumari, nikautikisa, ukagoma, nikautikisa tena mpaka udongo wa ukuta ukamwagika na ukatoka. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikaigeuza sufuria kifudifudi juu ya jiwe. Nikaweka msumari katikati ya tako lake, nikachukua jiwe lingine.

Alumini ni laini, lakini nilipiga mara nyingi, maana nilikuwa napiga na kusimama, napiga na kusimama. Msumari ulipopenya niliuchomoa nikapiga pengine, na pengine.

Halafu nikaiinua, nikamimina ndani maji yote ya ndoo, kuhakikisha haitapika tena. Yalipita, yakaniloanisha miguu. Nikaishika hivyo juu ya mizizi ya mgomba mpaka tone la mwisho.